Tajiri wa Eldoret na Watoto wa Barabarani

Siku moja ya mvua nilisimulia darasani, hapa Punia, habari za tajiri mmoja wa nchi ya Kenya aliyeacha biashara yake ili awe baba wa watoto wasio na baba. Wanafunzi walisikiliza kwa utulivu, hata sauti ya mvua juu ya mabati haikuwatawanya mawazo. Nilipomaliza nilitazamia kuulizwa juu ya mabasi na motokaa, maana ndivyo watoto walivyo. Walakini binti mmoja wa safu ya nyuma alisimama akauliza: "Mwalimu, na watoto wake mwenyewe, wale aliowazaa, walisema nini?"

Sikuwa tayari kwa swali lile. Nilimwambia kwamba nitamjibu juma lijalo, nikaenda nyumbani nikilifikiri. Hapa nawaandikia ninyi, wazazi na vijana wa parokia zetu, yale niliyomwandalia binti yule. Kwa kuwa swali lake ni swali la nyumba zaidi ya kuwa swali la darasa.

Mtu huyo ni Bwana Charles Mulli. Alizaliwa mwaka 1949 katika nchi ya Wakamba, upande wa Machakos, mashariki ya mji wa Nairobi. Nyumba yao ilikuwa ya ufukara, na baba yake alikuwa mtu wa pombe na wa fimbo. Mtoto alipokuwa na umri wa miaka sita hivi, asubuhi moja aliamka akakuta nyumba ni tupu: wazazi na ndugu zake wamekwisha ondoka usiku, naye ameachwa. Toka siku ile alijifunza kubisha hodi kwa watu na kuomba chakula. Shule aliisoma kwa kukatizwa-katizwa, leo yumo, kesho hayumo. Ya msingi akaimaliza kwa taabu, ya sekondari ikamshinda kwa kukosa karo.

Alipokaribia miaka 17 alikata tamaa hata ya kuishi. Katika siku zile zile alialikwa kwenye mkutano wa vijana Wakristu, akalisikia Neno la Mungu, akaamini. Bwana Mulli si Mkatoliki. Yeye ni wa upande wa ndugu zetu Waprotestanti. Msomaji asishangae kuyaona habari zake katika gazeti letu. Mtaguso wa pili wa Vatikano, katika hati yake ya mwaka 1964 juu ya umoja wa Wakristu, wawaagiza Wakatoliki wayatambue kwa furaha na kuyaheshimu mema ya Kikristu yaonekanayo kwa ndugu waliotengana nasi. Nami nikiona jema lililo kubwa namna hii, sioni sababu ya kulifunika.

Basi kijana yule alishika njia kwa miguu kwenda Nairobi, mwendo wa kilometa 70 hivi. Alibisha hodi katika nyumba ya familia ya Kihindi, akaomba kazi yo yote. Akapewa kazi za nyumbani. Alifanya kwa uaminifu, na kazi ile ikamfungulia nyingine, za ukarani na za usimamizi wa mashamba. Akamwoa msichana aitwaye Esther, wakaanza maisha. Wakaweka akiba, wakanunua motokaa moja ya kuchukulia abiria, za namna ile ambayo watu wa Kenya huiita matatu. Moja ikazaa ya pili, ya pili ikazaa ya tatu, hata jina la Mullyways likajulikana katika barabara za upande wa Eldoret, mji ulioko magharibi ya Kenya. Baada ya mabasi yakafuata mafuta na gesi, bima na nyumba za kupangisha.

Nasema hayo kwa haraka, maana habari za mtu kutajirika zafanana karibu zote: aamka mapema, ahesabu, hali mbegu. Vijana wetu wapendao kusema kwamba hakuna atajirikaye pasipo dawa ya mganga na wamtazame mtu huyu aliyeanza kwa kufagia nyumba ya mwingine.

Motokaa iliyopotea

Mwaka 1986 Bwana Mulli alikuwa Nairobi kwa shughuli zake. Aliposimamisha motokaa yake, vijana wa barabarani walimjia, wale tuwaitao huku Kongo mashege, wakamwomba awape fedha kidogo ili wamlindie. Alikataa akaenda zake. Aliporudi, motokaa haipo. Ikambidi kurudi Eldoret kwa basi, yeye mwenye mabasi, akiketi kati ya abiria kama mtu ye yote.

Mtu mwingine angekwenda polisi, angelaani vizazi vya vijana wale, kisha angenunua motokaa nyingine na kusahau. Fedha za kununua nyingine alikuwa nazo. Kilichomsumbua njiani hakikuwa gari, bali nyuso za wale vijana. Alikuwa anazijua. Nguo zile chafu, mkono ule ulionyoshwa, macho yale yanayopima kama bwana huyu atatoa au atafukuza: ndiyo yaliyokuwa yake alipokuwa mtoto wa kuachwa. Naye aliyebisha hodi mara nyingi, hodi yao hakuiitikia.

Watu wakisimulia habari hii hupenda kuruka toka motokaa iliyoibwa mpaka siku ya uamuzi, kana kwamba ni kesho yake. Haikuwa hivyo. Ilipita miaka mitatu. Miaka mitatu aliendelea kufungua ofisi, kutia sahihi, kuhesabu mapato, kuketi kanisani siku ya Bwana, na huku neno moja lamtafuna moyoni. Kwangu mimi miaka ile mitatu ni sehemu iliyo ya kweli kupita zote. Mtume Paulo aliangushwa njiani kwa saa moja. Walakini wengi wetu Mungu hutubishia polepole, nasi twajifanya hatusikii. Mtu wa miaka 37 au 38, mwenye mke na watoto wanane, mwenye wafanyakazi wanaomtegemea, haachi njia yake kwa wepesi. Wala si vizuri aiache kwa wepesi.

Mwezi wa Novemba 1989 mzigo ukamlemea. Alitoka ofisini hali hajisikii vizuri, akaendesha motokaa yake, akalazimika kusimama njiani. Akakaa humo saa kadha wa kadha akilia na kusali. Alipoinuka alikuwa amekwisha amua. Akarudi nyumbani, akawaita mke na watoto, akawaambia kwamba tangu siku ile hatafanya tena biashara kwa ajili ya fedha. Mali yake na nguvu zake zitakuwa za watoto wa barabarani. Alikuwa na umri wa miaka 40.

Ndani ya nyumba

Hapa ndipo lilipoelekea swali la binti yule. Nyumba ya Eldoret ilikuwa nyumba ya kitajiri. Watoto wale wanane walikuwa wamezoea vitanda vyao, shule nzuri, chakula cha kutosha, na baba atajwaye kwa heshima. Bwana Mulli alianza kwenda usiku penye vichochoro, akiwapelekea watoto mikate na kuongea nao. Kisha akawaleta nyumbani watatu, kisha wengine, kisha wengine tena. Walikuja na vidonda, na chawa, na mazoea ya kunusa gundi ili kusahau njaa. Wengine walikuwa wezi. Vyumba vikajaa, chakula kikagawanywa vipande vidogo, na baba mwenyewe akagawanywa, ambalo ndilo gumu kuliko yote.

Filamu imetengenezwa juu ya habari hizi, iitwayo Mully, kazi ya Mmarekani Scott Haze, iliyoanza kuonyeshwa mwaka 2015. Humo watoto wake wa kuzaa, sasa watu wazima, wanaeleza bila kuficha uchungu walioupata. Walihisi wamenyang'anywa baba. Nje ya nyumba hali haikuwa bora: marafiki wa biashara walisema mtu huyu amerukwa na akili, na hata katika kanisa lake wapo waliomwepuka. Mtu akitoa zaka kidogo husifiwa. Akitoa vyote huogopwa, kwa sababu awafanya wengine watazame mifuko yao.

Na Mama Esther je? Jina la mume ndilo litajwalo duniani. Lakini hebu fikirini, akina mama msomao gazeti hili, kuletewa usiku watoto watatu wasiojulikana, na juma lijalo wengine, nawe ndiwe utakayewaogesha, utakayewapikia, utakayekesha na mwenye homa. Alipikia makumi, baadaye mamia. Bila yeye, ahadi ya mumewe ingalikwisha katika mwezi mmoja, kwa kuwa ahadi ya kulisha watoto haitimizwi kwa machozi ndani ya motokaa, bali kwa sufuria na kuni.

Kwa sababu hiyo sina budi kusema jambo ambalo labda halitawapendeza wote. Namsifu Bwana Mulli kwa mambo mengi, lakini kwa jinsi alivyowaarifu watu wa nyumbani mwake simsifu. Aliamua kwanza, akawaambia baadaye. Wawili waliounganishwa na ndoa wamekuwa mwili mmoja; mali ni ya nyumba, na sadaka ya mali sharti iwe ya nyumba pia. Najua atajibiwa kwa niaba yake kwamba Mungu alipoita hapakuwa na nafasi ya baraza. Huenda. Abrahamu naye hakumwuliza Sara. Hata hivyo mimi nimewaona katika vijiji vyetu wanaume wengi waamuao peke yao juu ya mali ya nyumba, na wachache sana walifanya hivyo kwa ajili ya yatima.

Akiba haikudumu. Biashara iliuzwa kidogo kidogo, na fedha zililiwa na unga, dawa na karo. Wakati watoto walipozidi nafasi ya Eldoret, familia ilihamia Ndalani, katika nchi kavu ya Yatta, karibu na mto Thika, mahali alipokuwa na shamba. Taabu ya kwanza ilikuwa maji. Ya mto yalikuwa machafu, na watoto waliugua. Bwana Mulli husimulia kwamba usiku mmoja aliamka, akamwamsha mkewe, wakatoka gizani wakisali, wakafika mahali alipoonyeshwa moyoni, akasema tuchimbe hapa. Walichimba, na maji yakatoka. Msomaji na aipime habari hiyo kwa imani yake. Maji yenyewe yapo na yanatumika.

Na hapo lilitokea jambo ambalo kwa maoni yangu ndilo kiini cha habari yote. Mfanyabiashara aliyedhaniwa kuwa amekufa mwaka 1989 alifufuka pale Ndalani. Yule aliyejua kuhesabu abiria na mafuta alianza kuhesabu miche na mifereji. Walimwagilia ardhi, wakajenga nyumba za plastiki za kukuzia mboga, wakapanda maharage machanga ya kijani yapendwayo Ulaya, wakayauza huko ng'ambo, wakachimba mabwawa ya samaki, wakaotesha miti mingi mpaka nchi iliyokuwa vumbi ikapata kivuli. Shule zikajengwa, na huko Yatta mahali pengine kwa ajili ya wasichana waliozaa wangali watoto. Maelfu ya watoto wamepita katika jamaa hiyo, ambayo kwa kifupi huitwa MCF. Ufundi wake wa zamani haukutupwa, ulibadilishiwa bwana. Aliyekuwa akiamka mapema kwa ajili ya Mullyways, akaamka mapema vile vile kwa ajili ya watoto.

Utajiri upitao Punia

Labda mtu atasema: hayo ni ya Kenya, penye barabara za lami na ndege za kupeleka maharage Ulaya, sisi tuko msituni. Ni kweli tuko msituni, lakini hatujawa wageni wa utajiri. Umepita kwetu mara nyingi. Karne ya 19 misafara ya pembe za ndovu na ya watumwa iliyojaa Nyangwe na Kasongo iliisumbua Maniema yote. Tippu Tip akarudi Unguja na mali yake, na huku nyuma yalibaki magofu ya vijiji. Yakaja makampuni ya Wabelgiji kuchimba bati. Mwaka 1976 makampuni yale ya mashariki yaliunganishwa kuwa moja, SOMINKI, na wazee wa Punia na Kalima wanakumbuka bado hospitali zake, shule zake na mgawo wa chakula. Mwaka 1985 bei ya bati ilianguka duniani, kampuni ikadhoofika, na mwaka 1997 ikafungwa kabisa. Kisha mwaka 2000 bei ya koltani ilipanda kama moto wa nyasi, na mwaka uliofuata ikazimika vile vile, wakati vita vikiwa bado nchini.

Siku hizi mawe huchimbwa kwa mikono, na kati ya mchimbaji aliye shimoni na ndege ndogo ichukuayo magunia wapo wanunuzi wetu wenyewe. Wengi wao ni watu wa miaka 40 na 50, wenye akili na bidii. Walianza na baiskeli na mzani mdogo. Leo wana pikipiki, maduka, nyumba za matofali. Siwalaumu kwa hayo. Lakini wamefika katika umri ule ambao mtu huanza kujiuliza: hivi ninavyovikusanya, vya nani? Na majibu tunayoyaona ni yale yale. Mmoja ajenga nyumba ya pili kwa mke wa pili. Mwingine awanywesha watu bia mpaka mtaji wakwisha. Wa tatu apeleka vyote Kindu au Goma, wala hapandi hata mchungwa mmoja mahali alipotajirikia. Na watoto je? Wapo waendao kuosha mchanga wa madini wakati wenzao wakisoma, na huyo mnunuzi huwaona kila siku apimapo magunia yao. Nyuso zile azijua. Pengine miaka 30 iliyopita uso wake ulikuwa hivyo.

Injili haimwagizi kila tajiri neno moja. Yule kijana aliyeuliza habari za uzima wa milele, Bwana Yezu alimwambia auze vyote, naye akaenda zake kwa huzuni. Zakayo aliahidi nusu ya mali yake kwa maskini, na marudisho mara nne kwa aliowadhulumu. Bwana hakumwambia ongeza, bali alisema kwamba wokovu umefika katika nyumba ile. Mateo aliacha meza ya ushuru. Yosefu wa Arimatea alibaki tajiri, na kaburi lake jipya likapata mgeni. Papa Paulo VI, katika waraka wake Populorum Progressio wa mwaka 1967, afundisha kwamba haki ya kumiliki mali si haki isiyo na mpaka, na kwamba hakuna mtu awezaye kujiwekea kwa ajili yake peke yake yaliyozidi mahitaji yake, wakati wengine wakikosa ya lazima. Basi sisemi kwamba kila mnunuzi wa mawe auze mzani wake. Nasema kwamba anayejua kupima kasiteriti bila kukosea hata gramu, anajua pia kupima karo ya mtoto mmoja wa shimoni kwa mwaka mzima, na dawati moja, na bati la darasa livujalo. Ujuzi ni ule ule.

Juma lililofuata nilimjibu binti yule kama nilivyoahidi. Nilimweleza kwamba watoto wa Bwana Mulli waliumia, na kwamba waliona baba yao amewapa wengine kilichokuwa chao. Nikamweleza pia kwamba Bwana Mulli alikuwa amemsamehe baba yake mwenyewe, yule wa pombe na fimbo aliyemwacha, na kwamba watoto walikuwa wakimwona. Walikua, wakasoma, na kadhaa wao walirudi kwa hiari yao kufanya kazi Ndalani na Yatta, wengine katika uongozi, pamoja na wale waliookotwa barabarani ambao sasa wawaita ndugu.

"Basi walikubali," akasema.

"Siku ile hawakukubali," nikamjibu. "Walikubali baadaye, kila mmoja kwa wakati wake."

Akafikiri kidogo. Baba yake, nilivyokuja kujua, hununua mawe.

"Baba yangu akitaka kufanya hivyo," akasema, "ningependa atuulize kwanza, mimi na mama. Labda tungekubali siku ile ile." Kisha akaketi.